Kopo Lililopimwa Ofisini

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wageni wetu: nimeombwa nieleze kazi ya Profesa, mwanauchumi aliyezishauri serikali nne na kuwafundisha wengi kati yenu mlioketi hapa. Orodha ya vitabu vyake mnayo, na nishani zake mmeziona zikining'inia ukumbini. Ningeweza kuzisoma zote, nanyi mkapiga makofi, tukaenda zetu. Lakini mtu huyu nilimfahamu hasa katika msimu mmoja wa mvua, nikiwa mhadhiri msaidizi wake wa mwaka wa kwanza, na msimu huo niliuandika siku kwa siku. Nilimwomba idhini ya kuusoma hadharani, akajibu: "Soma, ila usiparekebishe mahali ulipokuwa mwoga." Basi nasoma kama ilivyoandikwa.

*Machi 6*

Mvua imeanza alfajiri, na Profesa ameingia ofisini akisugua viganja kama mtu aliyeletewa habari njema. Kumbe barabara zikishakatika na kazi ya uwandani ikasimama, ofisi hii ina ada yake. Majina ya tafiti zote za Profesa huandikwa kwenye vikaratasi, vikaratasi hutiwa ndani ya bahasha, na mtumishi mgeni kuliko wote huchota kimoja. Utafiti ulioangukiwa na kura hufukuliwa upya kuanzia hojaji za kwanza zilizojazwa kwa mkono.

"Ili kuuthibitisha?" niliuliza.

"Ili kuuvunja, binti yangu. Kuthibitisha ni kazi ya marafiki. Mvua ikikatika kabla hujauvunja, utafiti utakuwa umepona mwaka mmoja zaidi."

Nikachota. Mhazili wa idara, tunayemwita Mama Faili kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kumpotea, alikikunjua kikaratasi, akakisoma, akanitazama kwa huruma. "Mtoto wa watu kachota simba," akasema.

Ni *Bei Moja*. Ndio utafiti uliompa Profesa jina, miaka ishirini na sita iliyopita. Alihoji kaya elfu nne, akaonyesha kwamba maskini anayenunua unga kwa kopo sokoni hulipa, kwa kila kilo, bei ileile anayolipa tajiri anayenunua gunia. Kwa hoja hiyo serikali nne, yetu ikiwamo, zilianza kufunga maduka ya unga ya umma yaliyouza kwa mzani. Ya nini tena, ikiwa soko halimpunji mtu? Sura ya tatu ya tasnifu yangu imejengwa juu ya utafiti huohuo. Nimetumwa kubomoa nyumba ninayolala.

*Machi 7*

Masanduku thelathini na moja. Vumbi. Nimepiga chafya mpaka Mama Faili akaacha kuniombea afya.

*Machi 15*

Nimefika sanduku la tisa na kila kitu kimenyooka. Naanza kushuku kwamba ada hii ni njia ya mzee kujisikilizia sifa: kila mwaka anawafungulia vijana masanduku, kila mwaka vijana wanatoka wakisema Profesa hakukosea. Nilimnong'oneza Mama Faili wazo hilo. Hakuinua macho kutoka kwenye mashine yake ya chapa.

"Makala mbili zimefia hapohapo mezani ulipo," alisema. "Tangazo la kifo aliliandika mwenyewe, akaniletea nilipige chapa huku anapiga mluzi."

"Lakini hizo zilikuwa makala tu."

"Ndiyo. Mluzi huo sijamsikia akimpigia simba."

*Machi 19*

Waziri wa nchi nyingine alipiga simu leo. Profesa hupokea simu za serikali akiwa amesimama wima, mkono mmoja mgongoni, kama mwanafunzi anayejibu swali. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema kwa upole: "Mheshimiwa, unachokitaka si ushauri, ni muhuri. Na mihuri inachongwa vizuri tu hapo mtaani kwenu." Akaiweka simu, akaniuliza kama sanduku la kumi na mbili limeshambuliwa na mchwa.

Lazima nikiri kwamba nilitoka ofisini nikitembea kwa madaha, kana kwamba maneno yale nimeyasema mimi.

*Machi 28*

Sanduku la kumi na nane lina hojaji tisini na mbili, zote za mkusanyaji nambari kumi na saba.

Naandika polepole ili nielewe mwenyewe. Kila hojaji inauliza kaya ilinunua makopo mangapi ya unga, na kopo ni bei gani. Ofisini makopo yaligeuzwa kuwa kilo kwa kutumia jedwali la vipimo, nalo lasema kopo moja ni gramu mia nane. Wakusanyaji wote waliandika idadi na bei, wakaishia hapo. Huyu wa kumi na saba hakuishia hapo. Pembezoni mwa kila hojaji, kwa penseli, ameandika uzito alioupima kwa mzani wake mwenyewe: 640, 655, 630, 640.

Juu ya hojaji ya kwanza pana wino mwekundu: "Mkusanyaji amezidisha kazi aliyotumwa. Puuzeni. Tumieni jedwali."

Mwandiko ni wa Profesa. Ndio mwandiko uliojaa kwenye rasimu zangu. Nautambua kama sauti ya mama.

Hesabu yake haihitaji mashine. Kopo likipungua kwa moja ya tano, bei ya kilo hupanda kwa robo nzima. Kama mkusanyaji huyu alipima sawasawa, maskini hawakulipa bei moja na tajiri. Walilipa robo zaidi.

Nimefunga sanduku. Nimeketi juu yake.

*Machi 29*

Mvua. Sikumwambia.

*Machi 30*

Mvua. Sikumwambia. Nilisema nina mafua.

*Aprili 2*

Imekuja barua kutoka kamati ya bunge. Serikali inataka kufunga maduka ya umma ya mwisho, kumi na moja tu, yaliyosalia katika wilaya za mlimani. Kamati itasikiliza hoja Mei 21, na Profesa ameitwa kuwa shahidi mkuu. Hoja ya serikali ina kurasa sita, na humo *Bei Moja* imetajwa mara tisa. Nimehesabu.

"Nitasema dakika kumi," Profesa alimwambia Mama Faili kwa furaha. "Yaliyobaki wayasome, kama wanasoma."

Sikumwambia.

*Aprili 5*

Mvua. Sikumwambia. Leo nimekusanya sababu: ni mtu mmoja kati ya wakusanyaji arobaini, ni masoko mawili tu, mzani wa mtu binafsi haujulikani ulikotoka. Kila sababu ni njema na hakuna hata moja iliyo ya kweli. Ya kweli ni kwamba bila *Bei Moja* sura yangu ya tatu ni karatasi ya kufungia vitumbua, na ya kweli zaidi ni kwamba namwogopa yule mzee. Siogopi hasira zake. Naogopa kuuona uso wake.

*Aprili 8*

Amekuja mwenyewe, akavuta kiti mbele yangu.

"Binti yangu, umekaa kwenye sanduku la kumi na nane siku kumi na moja. Watu hukaa hivyo mahali walipoona nyoka."

Nikalifungua, nikampa hojaji ya kwanza.

Aliisoma. Akasoma ya pili, ya tatu, ya kumi. Kisha akairudia ile ya kwanza, yenye wino mwekundu, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Mvua ilikuwa inapiga bati la varanda kwa nguvu hata nikashukuru.

"Huyu aliyeandika kwa wino mwekundu," akasema, "alikuwa na umri gani?"

"Arobaini na mitano, Profesa."

"Basi hana udhuru." Akanitazama. "Na wewe, kwa nini ulinyamaza?"

Nikamwambia ukweli wote, sura ya tatu na uso wake. Nilidhani atanifukuza.

"Woga wako una siku kumi na moja," akasema. "Kiburi changu kina miaka ishirini na sita. Tusichekane." Akasimama, akajinyoosha mgongo. "Lakini bado hujauvunja. Mtu mmoja, masoko mawili. Hilo ni jambo la kutilia shaka, si jambo la kuamini. Kuanzia leo nitaupigania utafiti wangu, nawe utaupiga. Na ole wako ukinihurumia."

*Aprili 11*

Pigo la kwanza ameniagiza yeye mwenyewe: makopo arobaini, masoko manne, niyanunue kwa wauzaji wenyewe, kisha niyapime. Kununua unga ni rahisi. Kununua kopo ni kisa kingine.

"Kopo siuzi, dada," muuza unga wa soko la kwanza aliniambia. "Nauza unga."

"Nitakupa jipya badala yake. Hili hapa."

Alilipokea lile jipya, akaligeuza, akalichungulia ndani kama daktari anayechungulia koo. "Jipya la nini? Hili linakula mtaji."

Ndipo nilipotazama kitako cha kopo lake. Kimegongwa kwa ustadi kuelekea ndani, kikatengeneza kilima kidogo ambacho unga hukificha. Niliyapata yote arobaini kwa siku tatu, kwa kubembeleza na kwa kuuziwa matusi. Arobaini yote yana kilima.

*Aprili 16*

Uzito wa wastani ni gramu 638. Profesa amezipokea namba, akazikagua, akatafuta kosa langu kwa saa mbili na hakulipata. Kisha akasema: "Haya ni makopo ya leo. Hayawezi kutoa ushahidi juu ya makopo ya miaka ishirini na sita iliyopita. Bado nimesimama."

Alisema kweli, na nilichukia kwamba alisema kweli.

*Aprili 17*

Mvua.

*Aprili 19*

Mama Faili ameibua faili la lile jedwali la vipimo. Nilimsomea Profesa kwa sauti. Kopo la kielelezo lilinunuliwa likiwa jipya katika duka la vyombo lililo mkabala na lango la chuo. Lilipelekwa maabara ya kemia. Lilijazwa na kupimwa mara tatu, kwa mzani unaoonyesha mpaka sehemu ya kumi ya gramu, mbele ya mashahidi wawili walioweka sahihi.

Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

"Tazama tulivyokuwa waangalifu," akasema. "Tulipima mara tatu kopo ambalo hakuna maskini aliyewahi kuuziwa."

*Aprili 26*

Profesa alinialika nyumbani kwake chakula cha mchana, mimi na Mama Faili. Mkewe ni muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya wodi nzima. Alipotusikia tukibishana kuhusu makopo, aliweka sahani mezani kwa kishindo.

"Hivi mnatafuta nini? Kwamba kopo linagongwa kitako?"

Profesa aliweka kijiko chini.

"Mimi nimenunua unga wa nyumba hii miaka arobaini na saba. Tulipokuwa hatuna kitu niliununua kwa kopo, na kila mwanamke foleni nzima alijua. Tulikuwa tunachagua muuzaji kwa kilima chake. Yule ana kilima kidogo, yule ana mlima." Akamgeukia mumewe. "Wewe ulihoji nyumba elfu nne. Ya elfu nne na moja ulikuwa unalala humo."

Profesa aliinamia sahani yake. "Mama watoto," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mama Faili alikohoa, akaomba maji. Nilimwona Profesa akitoa kalamu mfukoni na kuandika kitu kwenye kitambaa cha karatasi. Tulipokuwa tunaaga alinionyesha. Alikuwa ameandika: "Shahidi wa kwanza wa wakati ule. Miaka ya nyuma. Anaaminika."

*Mei 3*

Mkusanyaji nambari kumi na saba ameonekana. Mama Faili alimtafuta kwa anwani ya zamani, kisha kwa ndugu wa ndugu. Ana duka la kunakili nyaraka nyuma ya kituo cha mabasi. Barabara ilikuwa tope tupu. Profesa alivua viatu, akakunja suruali, akatangulia.

Mwenye duka ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye kipara na kalamu sikioni. Hakuinua kichwa kutoka kwenye mashine.

"Karibuni. Kunakili au kupiga chapa?"

"Kuomba radhi," Profesa akasema.

"Hiyo haimo kwenye ubao wa bei." Ndipo akatazama. Alimtambua papo hapo, niliona. Alizima mashine, akafuta kiti kwa kiganja. "Kaa, mzee wangu. Utachafua sakafu kwa tope, lakini kaa."

Profesa hakukaa mpaka alipomaliza kusema aliyoyaendea: kwamba alimwondoa kazini kwa sababu ya penseli, na kwamba penseli ile ndiyo iliyokuwa na haki.

"Nilifanya siku tisa tu," alisema mwenye duka. "Ya kumi nikaambiwa nimezidisha kazi, nirudi nyumbani. Sikukuchukia sana. Nilikusahau."

"Ulijuaje kwamba kuna kitu cha kupima?"

"Mama yangu alikuwa muuza unga. Kila kopo jipya likiingia nyumbani, mimi nilishika, yeye akagonga. Nimesomeshwa kwa kitako cha kopo."

"Na hukusema kwa mdomo?"

"Kwa nani? Nilikuwa na miaka ishirini, na wewe una tai. Nikaandika pembeni, nikasema mwenye macho ataona."

"Niliona," Profesa akasema. "Hilo ndilo baya lenyewe."

Mteja aliingia kutaka nakala ya cheti, akahudumiwa, akatoka. Kisha Profesa akaomba ruhusa ya kumtaja mbele ya kamati.

"Na nyundo ya mama utaitaja?"

"Ukikataza, sitaitaja."

Mwenye duka alitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. "Itaje. Alilea watoto sita peke yake, hakuna aliyelala njaa. Lakini useme pia kwamba alijua wanunuzi wake nao wana watoto. Alikuwa anajua. Alikuwa anaomba dua kabla ya kugonga."

Njiani kurudi Profesa hakuvaa viatu mpaka tulipofika lango la chuo. Sikuweza kuamua kama alisahau.

*Mei 5*

Amesema asubuhi, bila kukaa: "Umeuvunja. Anza kuandika." Hakupiga mluzi.

*Mei 13*

Mshauri wa Waziri amekuja. Ni mwanafunzi wa zamani wa Profesa, kijana nadhifu mwenye akili kali. Nasikia aliitwa "Kikokotoo" darasani. Habari zilikuwa zimemfikia. Mlango uliachwa wazi, nami nilikuwa mezani kwangu.

"Mwalimu wangu, hakuna anayekuambia udanganye. Weka tanbihi."

"Tanbihi?"

"Mstari mmoja chini ya ukurasa. Kwamba vipimo vya masokoni vyaweza kutofautiana. Ukweli utakuwamo, na kazi itaendelea."

"Mwanangu, nilipokosea niliandika kwa herufi kubwa, juu ya jalada. Sasa nikisahihisha niandike kwa herufi za siafu?"

"Lakini fikiria madhara. Kesho kila mzembe atasema: kama Profesa mwenyewe alikosea, wachumi wote ni waganga wa njia panda. Na lile jengo jipya la utafiti, Mwalimu. Jina lako limekwisha kuandikwa ukutani."

"Rangi imekauka?"

"Bado."

"Basi tumieni kitambaa chenye maji."

Kijana hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani alisema kutoka moyoni: "Mimi nimeingia fani hii kwa sababu ya kitabu kile. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na minane."

Profesa alichukua mwavuli wake, akamshika mkono, akamsindikiza hadi kwenye gari. Walisimama mvuani muda mrefu, mwavuli mmoja, mzee akiongea na kijana ameinamisha kichwa. Aliporudi, bega lake la kushoto lilikuwa limelowa chapachapa. Mwavuli wote alikuwa ameuelekeza upande wa mgeni.

Machi nilidhani ni mzee anayependa kusifiwa. Naandika hapa kwamba nilikuwa mjinga.

*Mei 20*

Kesho. Amepiga pasi shati mwenyewe, anasema mkewe, na ameliunguza kola.

*Mei 21*

Chumba cha kamati kina meza ya nusu duara, wajumbe kumi na watatu, na feni inayolia. Shati la Profesa lilikuwa lingine. Nilibeba makopo mawili na mzani.

Mwenyekiti alimtambulisha kwa dakika saba nzima za sifa. Profesa alisimama wima, mkono mmoja mgongoni.

"Waheshimiwa," akasema, "nimeitwa kutetea *Bei Moja*. Siwezi kuitetea. Niliiandika mimi, na si kweli."

Feni ikaendelea kulia. Mshauri wa Waziri, aliyeketi safu ya nyuma, alifumba macho.

Aliweka makopo mezani, akamwomba karani wa kamati ajaze na kupima. Karani alisoma kwa sauti: mia nane na mbili, mia sita na thelathini na tano. Profesa alieleza kilima. Alimtaja mkusanyaji nambari kumi na saba, mama yake, nyundo na dua. Alitaja wino mwekundu, na kwamba ulikuwa wake. Kisha akasema: "Waliolipa robo zaidi ndio waliokuwa na robo pungufu. Sikuwapunja mimi kwa mkono wangu. Niliwaambia wakubwa kwamba hawapunjwi, na duka pekee lenye mzani likafungwa." Dakika kumi kamili.

Mwenyekiti alikuwa amekunja uso kwa hasira. "Profesa, tukuamini lini? Ulipotuambia tufunge, au leo unapotuambia tusifunge?"

"Mheshimiwa, sijawaambia msifunge. Nimewaambia kwamba sababu yangu ya kufunga haipo. Kama mnayo ya kwenu, itoeni kwa jina lenu."

Mjumbe mmoja aliinua mkono, mama wa makamo kutoka wilaya za mlimani. Alijitambulisha kwa kumkumbusha kisa. Miaka ile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Duka la umma la kwao lilipofungwa, alisimama katika mkutano wa hadhara akasema watoto wake wanasinzia darasani kwa njaa.

"Na ulinijibu, Profesa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilisema, 'Mwalimu, hisia si takwimu.'"

"Watu walinicheka. Basi leo sina swali la takwimu. Nina swali la hisia. Imekuuma?"

"Imeniuma, Mwalimu."

Sote tulingoja kipigo.

"Vizuri," akasema. "Mwenye jino linalouma haulizi njia ya kwenda kwa daktari. Nilikuwa nimeandika hapa niombe ustaafishwe. Nafuta. Usistaafu."

Chumba kizima kikacheka, na mwenyekiti naye, akijizuia. Profesa hakucheka. Aliinama, kidogo tu, kama mtu aliyepokea nishani na hana uhakika kama ni yake.

*Mei 24*

Kura saba kwa sita. Maduka kumi na moja yamebaki, kwa mwaka mmoja, mpaka utafiti mpya ufanyike. Gazeti moja limeandika kwa herufi nene: PROFESA ALA MATAPISHI YAKE. Mkewe amelikata, amelibandika kwenye mlango wa friji, na anasema ndicho chakula cha kwanza ambacho mumewe amewahi kukiandaa mwenyewe.

Jengo jipya limepakwa chokaa upya. Sura yangu ya tatu nimeiondoa kwa barua niliyoisaini. Sikuhitaji ushauri.

*Mei 30*

Mvua imepungua. Tumetuma barua tatu kwa zile serikali nyingine tatu, kila moja ikiwa na majedwali, uzito wa makopo na maneno "ushauri wangu ulikuwa na kosa" katika sentensi ya kwanza. Mama Faili alipendekeza yawekwe ya pili, baada ya salamu. Amekataliwa.

*Juni 9*

Jua. Barabara zinakauka, na masanduku yamerudi rafuni.

Serikali moja haijajibu. Ya pili imejibu kwamba barua imepokelewa. Ya tatu imejibu leo, na aliyeandika ni waziri mwenyewe, kwa mkono: "Tulifunga maduka yetu yote, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa neno lako. Waliokuwa wakiyaendesha wamekufa, majengo yameuzwa. Sikuandikii kukulaumu. Nauliza: sasa tufanye nini?"

Profesa aliisoma akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena.

"Miaka arobaini nashauri serikali," akasema taratibu. "Zote zilinipigia zikiwa zimekwisha kuamua, zikitaka nizipatie sababu. Hili ndilo swali la kwanza nililowahi kuulizwa."

Nilichukua kalamu na karatasi, nikangoja. Nilijua ana majibu. Nimeyaona katika vitabu vyake, yamepangwa kwa sura. Mama Faili naye aliacha kuchapa. Profesa alitazama dirishani, kule mafundi walikokuwa wanatandaza changarawe kwenye njia iliyokatika, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa bila kusema.

"Andika," akasema. "'Mheshimiwa, sijui. Naomba ruhusa nije niwaulize wanunuzi.'"

Akanyoosha mkono, akatia sahihi.